Elimu ya Uraia: Mtu Wako Akikamatwa, Familia Ifanye Nini?

Mtu wa familia anapokamatwa, wengi wetu hukimbilia kwa tunayemjua: mwakilishi wadi, msimamizi wa wadi, chifu, au askari anayeishi mtaani. Ni jambo la kawaida kutafuta msaada kwa watu wa karibu. Hata hivyo, ni vyema wakaazi wafahamu tangu mwanzo kwamba serikali ya kaunti haina mamlaka juu ya polisi, waendesha mashtaka wala mahakama. Wakili wa kaunti hushughulikia kesi za kaunti yenyewe. Hawezi kumwakilisha mkaazi katika kesi yake ya jinai. Hakuna afisa wa kaunti anayeweza kuagiza mtu atolewe seli.

Tunachoweza kufanya ni kuwaelimisha wakaazi kuhusu njia iliyowekwa na sheria. Jambo kuu katika somo hili ni moja. Familia haiwezi kumwamulia hakimu, lakini inaweza kulinda haki za mtu wao, hasa katika siku tatu au nne za kwanza. Hufanya hivyo kwa kuuliza, kuandika, kudai risiti, na kutomsukuma mtu akubali kosa ili mambo yaishe haraka.

Ili sheria ieleweke, tutatumia mfano wa kubuni. Kijana wa bodaboda anakamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Alinunua simu kwa bei ya chini kutoka kwa abiria, na polisi wanasema simu hiyo iliibwa. Nyumbani wako mama yake, mke wake na kaka yake. Mjomba anapiga simu na kusema yuko mtu kituoni anayeweza "kuyamaliza" kwa shilingi elfu ishirini. Je, wafanye nini?

Hatua ya kwanza: jueni alipo na sababu ya kukamatwa

Chagueni mtu mmoja wa kufuatilia. Watu kumi wakienda kituoni na kila mmoja aulize lake, hakuna atakayejua kilichosemwa. Katika mfano wetu, anafaa kaka: aliye mtulivu, anayeweza kuandika, na mwenye kitambulisho chake cha kitaifa mfukoni.

Akifika kituoni aende kwenye dawati la kupokea ripoti na aulize kwa heshima:

1. Je, mtu huyu anazuiliwa hapa?
2. Alikamatwa lini, saa ngapi, na kwa kosa gani?
3. Nambari yake katika kitabu cha matukio, ambacho wengi hukiita OB, ni ipi?
4. Afisa anayechunguza kesi hii ni nani?
5. Je, atafikishwa mahakama gani, na siku gani?

Majibu yote yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kesi nayo ni vivyo hivyo. Saa ya kukamatwa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hapo ndipo muda wa kisheria huanza kuhesabiwa.

Ikiwa mtu wenu anatumia dawa kila siku, kwa mfano za kisukari, kifafa au shinikizo la damu, mwelezeni afisa wa zamu na mwombe jambo hilo liandikwe katika OB. Vivyo hivyo ikiwa ana jeraha.

Asipopatikana katika kituo mlichoambiwa, ulizeni vituo vya karibu, kisha mwendeeni kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Ikiwa hakuna anayekiri kumshikilia na mnajua alikamatwa, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu na kuomba amri ya kumtaka anayemzuilia amfikishe mbele ya mahakama. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 51 cha Katiba, na Kifungu cha 25 kinasema haiwezi kuwekewa mipaka.

Saa 24 huhesabiwaje?

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na si baada ya saa 24 kupita. Ikiwa saa hizo zitaishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo si ya mahakama, basi afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Kijana wetu alikamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi saa kumi na moja jioni, na siku hiyo si ya mahakama. Kwa hiyo polisi wana mpaka mwisho wa siku ya Jumatatu, kama Jumatatu si sikukuu. Familia isiyojua hesabu hii hukata tamaa Jumamosi na kuamini kwamba mtu wao amesahauliwa, na hapo ndipo matapeli hupata nafasi.

Polisi wakihitaji muda zaidi, hawawezi kujiongezea wenyewe. Ni lazima wamfikishe mahakamani na kumwomba hakimu, na mshukiwa ana nafasi ya kupinga maombi hayo. Familia ihudhurie siku hiyo, kwa sababu mara nyingine mshukiwa hajui hata kwamba anaruhusiwa kusema neno.

Haki za mtu aliye seli

Kifungu hicho cha 49 kinampa aliyekamatwa haki hizi:

- Kuelezwa upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake.
- Kunyamaza. Hatakiwi kulazimishwa kukiri wala kutoa maneno yatakayotumiwa dhidi yake.
- Kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao.
- Kuzuiliwa mbali na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa.
- Kuachiliwa kwa dhamana au bondi yenye masharti ya haki, isipokuwa kuna sababu nzito za kutomwachilia.

Mkipata nafasi ya kuzungumza naye, mwambieni mambo matatu: familia inajua alipo, asipigane wala kubishana na maafisa, na asitie sahihi karatasi ambayo hajaisoma au kusomewa. Msimhoji kuhusu kosa lenyewe mbele ya watu. Maneno ya seli yana masikio.

Wengine huambiwa kwamba akiungama ataachiliwa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, maungamo hayakubaliki mahakamani kama yametolewa tu kwa afisa yeyote kituoni. Yanapaswa kutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, huku mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa akiwepo. Mtu huyo anaweza kuwa wakili au jamaa.

Pesa kituoni: bondi, dhamana na hongo

Mambo haya matatu huchanganywa sana, na kuchanganya huko kunagharimu familia.

Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba mshukiwa atarudi kituoni au kufika mahakamani siku iliyotajwa. Hakuna pesa inayolipwa.

Dhamana ya pesa taslimu ni pesa inayowekwa ili mshukiwa aachiliwe. Ni amana, si malipo ya huduma, na ni lazima mpewe risiti rasmi yenye jina, kiasi, tarehe na nambari. Mkuu wa kituo, yaani OCS, anaweza kumwachilia mshukiwa wa kosa lisilo kubwa kwa njia mojawapo kati ya hizi mbili, hata wikendi. Kwa hiyo kaka katika mfano wetu ana haki ya kuomba kumwona OCS siku ya Jumamosi na kuuliza, "Je, ndugu yangu anaweza kupewa bondi?"

Hongo ni pesa yoyote isiyo na risiti. Zile elfu ishirini za rafiki wa mjomba ni hongo, hata zikiitwa "chai", "mafuta ya gari" au "ya kufunga faili". Sheria ya Hongo ya 2016 inamfanya anayetoa na anayepokea wote wawili kuwa wakosaji. Tena hongo haifungi kesi. Baada ya kulipa, faili hubaki, mlalamishi hubaki, na familia hukosa pesa ambazo zingetumika kuweka dhamana halali siku ya Jumatatu.

Kutafuta wakili

Wakili akipatikana mapema ndivyo inavyofaa, ikiwezekana kabla ya mshukiwa kuandika taarifa yake. Kabla ya kulipa, hakikisheni mambo mawili. Kwanza, kwamba ni wakili kweli na ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi hiyo. Jina lake linaweza kutafutwa kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria nchini, LSK. Pili, patanini ada na mwiandike: ni ya kujibu mashtaka na kuomba dhamana tu, au ya kesi nzima? Wengi hugundua katikati ya kesi kwamba walilipia siku moja.

Familia isiyo na uwezo isikae kimya. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya Serikali ikiwa atakosa haki kwa kiasi kikubwa bila wakili. Washtakiwa wa mauaji, ambao kesi zao husikizwa na Mahakama Kuu, hupewa wakili kwa njia hiyo. Kwa makosa mengine, ombi hupelekwa kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA-Kenya pia yamekuwa yakiwasaidia wasiojiweza. Mshtakiwa anaweza kumwambia hakimu mwenyewe, siku ya kwanza: "Sina uwezo wa kulipa wakili, naomba msaada wa kisheria."

Siku ya kwanza mahakamani: swali linaloamua mengi

Jumatatu imefika. Kijana wetu anasimama kizimbani, na karani anasoma shtaka: kupokea mali ya wizi. Kisha anaulizwa, "Ni kweli au si kweli?"

Hapa ndipo familia nyingi, kwa nia njema, huwaumiza watu wao. Mtu hunong'onezewa, "Kubali tu, utatozwa faini kidogo, utarudi nyumbani." Kabla ya kutoa ushauri huo, jueni mambo manne.

Kwanza, adhabu ya kosa hili si ndogo. Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa kupokea mali ya wizi. Hakimu hafungwi na matumaini ya familia.

Pili, kosa hili lina sehemu mbili. Haitoshi kwamba simu iliibwa. Ni lazima aliyeipokea awe alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Kijana anayesema "Ni kweli nilinunua simu, lakini sikujua iliibwa" hajakubali shtaka. Huo ni utetezi, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekanusha. Lakini kijana huyo akisema "Ni kweli" na kunyamaza, kwa kuwa kweli alinunua simu, amekubali kila kitu.

Tatu, aliyekubali kosa mbele ya hakimu hufungiwa mlango mkubwa wa rufaa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu kukata rufaa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu, si kuhusu kupatikana na hatia.

Nne, hatia huingia kwenye kumbukumbu. Kijana atakapoomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi, rekodi hiyo itamfuata.

Hatusemi mtu akane kosa alilolitenda. Akilitenda na anataka kukubali, hiyo ni haki yake, na mahakama huweza kulizingatia katika adhabu. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo ni wake mwenyewe, baada ya kuelewa shtaka na kupata ushauri, wala si wa mjomba wala wa mama mwenye wasiwasi. Sheria pia inaruhusu makubaliano kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, ambapo shtaka linaweza kupunguzwa. Hayo hufanywa kwa maandishi na huthibitishwa na mahakama. Si mazungumzo ya kwenye baraza la korti.

Ikiwa mshtakiwa haelewi lugha inayotumiwa, aseme hapo hapo. Ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Wazee wanaoelewa lugha ya mama pekee, na viziwi wanaotumia lugha ya ishara, wasikubali kujibu shtaka kwa kukisia. Aliyekubali kwa kutoelewa anaweza kumwomba hakimu abadilishe jibu lake kabla ya adhabu kutolewa, na hakimu ndiye atakayeamua.

Dhamana ya mahakama: jitayarisheni kabla ya kwenda

Baada ya kukanusha, mshtakiwa au wakili wake huomba dhamana. Mahakama huangalia uzito wa kosa, nguvu ya ushahidi, uhusiano wa mshtakiwa na jamii yake, na kama aliwahi kupewa dhamana akatoroka. Hapa familia ina kazi ya kufanya. Uwepo wenu kortini, anwani ya nyumbani inayojulikana, na kazi yake halali ni mambo yanayoonyesha kwamba hatatoroka. Hakimu anaweza pia kumtuma afisa wa probesheni afike nyumbani na kuzungumza na majirani. Mpokeeni na mwelezeni ukweli.

Masharti huwa ya aina tatu: kuachiliwa kwa ahadi yake tu, kuweka pesa taslimu, au kupata mdhamini. Ikiwa ni pesa taslimu, fuateni maelekezo ya masjala ya mahakama kuhusu malipo. Pesa huingia katika akaunti ya Idara ya Mahakama, si katika simu ya karani, ya askari wala ya "mtu wa ndani". Risiti halisi iwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati nyingine za thamani za nyumbani. Kesi ikiisha, pesa hiyo hurudishwa kwa aliyeilipa, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alihudhuria siku zote. Wapo wanaopoteza amana zao kwa sababu tu risiti ilipotea au hawakujua kwamba wanaweza kuiomba.

Ikiwa ni mdhamini, aje na kitambulisho, picha, na hati ya mali anayoiweka, kama vile hati miliki ya shamba au hati ya umiliki wa gari. Mwenye mshahara huulizwa karatasi za mshahara. Ulizeni masjala ni hati zipi zinazohitajika ili msirudishwe mara tatu.

Kumdhamini mtu si kumtolea tu kitambulisho. Mdhamini anaahidi kwamba mshtakiwa atafika kortini. Akitoroka, mahakama inaweza kumwagiza mdhamini alipe kiasi kilichotajwa, na mali yake inaweza kuuzwa. Kwa hiyo mzee asiweke hati ya shamba la familia bila kuwaambia wanaolitegemea, na mdhamini anayeona mshtakiwa anapanga kutoroka anaweza kwenda kortini kuomba kuondolewa.

Dhamana ikiwa kubwa kuliko uwezo wenu, kubaki rumande si njia pekee. Hakimu anaweza kuombwa apunguze masharti, na Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyapunguza.

Kesi inapoendelea

Andikeni nambari ya kesi, jina la mahakama na tarehe inayofuata kabla ya kutoka kortini. Mtu aliye nje kwa dhamana akikosa siku moja bila sababu, hakimu anaweza kutoa amri akamatwe na dhamana ikapotea. Kama ni mgonjwa, mtu wa familia aende na karatasi za hospitali asubuhi hiyo hiyo.

Mshtakiwa ana haki ya kupewa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unategemea, zikiwemo taarifa za mashahidi. Aziombe. Nyumbani, hifadhini chochote kinachoweza kusaidia na msifute chochote. Katika mfano wetu, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha siku kijana alilipia simu, kiasi alicholipa na nambari ya aliyemuuzia, ni ushahidi. Abiria mwenzake aliyeona ununuzi huo ni shahidi. Vyote vielezwe wakili kwanza, visisambazwe katika vikundi vya WhatsApp.

Upande wa mashtaka ukimaliza, hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibu. Kama haipo, mshtakiwa huachiliwa. Kama ipo, anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo, kutoa maelezo bila kiapo, kunyamaza, na kuwaita mashahidi wake. Kazi ya kuthibitisha kosa ni ya upande wa mashtaka mpaka mwisho.

Akipatikana na hatia, bado kuna nafasi ya kujitetea ili adhabu ipunguzwe. Familia iwe tayari kumweleza afisa wa probesheni kuhusu watoto wanaomtegemea, maradhi, na mwenendo wake. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Muda aliokaa rumande unapaswa kuzingatiwa katika kifungo. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Mkichelewa, mnaweza kuomba muda zaidi mkiwa na sababu nzuri, lakini msitegemee hilo.

Aliyekosewa akiwa wa familia hiyo hiyo

Kuna kesi ngumu zaidi: mume aliyempiga mke, kijana aliyemjeruhi ndugu yake. Familia hugawanyika, na wazee hutaka "mambo yarudi nyumbani". Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida. Upatanisho huo uelezwe mbele ya hakimu, na aliyekosewa aukubali kwa hiari yake.

Makosa makubwa hayamo katika ruhusa hiyo. Kesi ya unajisi wa mtoto au ubakaji haimalizwi kwa mbuzi wala kwa shilingi chini ya mti. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, uamuzi wa kusimamisha kesi kama hiyo si wa wazazi wala wa wazee. Ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Aliyeumizwa naye ni mtu wenu na ana haki zake, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inamtambua. Kumtisha, kumficha au kumlipa asitoe ushahidi ni kosa jipya, na linaweza kumfanya mshtakiwa apoteze dhamana.

Mshukiwa akiwa mtoto

Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai. Kwa aliye kati ya miaka 12 na 14, sheria huanza kwa kuamini kwamba hana uwezo huo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mzazi akimbie kituoni na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Katiba inasema mtoto azuiliwe tu kama hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Ombeni afisa wa watoto wa kaunti ndogo ajulishwe. Kwa makosa mengi, mtoto anaweza kuelekezwa kwenye ushauri na marekebisho bila kupitia kesi kamili.

Kukamatwa kwa sheria za kaunti

Mchuuzi au mwenye kibanda anaweza kukamatwa na askari wa kaunti kwa kuvunja sheria za kaunti. Haki zake ni zile zile: aelezwe kosa, afikishwe mahakamani ndani ya muda, na alipe kwa risiti tu. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 49 kinasema mtu asiwekwe rumande ikiwa adhabu ya kosa lake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Bidhaa zilizochukuliwa ziorodheshwe, na mpewe nakala. Pesa inayodaiwa kando ya barabara bila risiti si ada ya kaunti.

Haki ikivunjwa

Mtu wenu akipigwa au akizuiliwa kupita muda wa kisheria, andikeni tarehe, saa, kituo, na nambari ya utambulisho ya afisa kama inaonekana. Akipigwa, apelekwe hospitali na ripoti itunzwe, na hakimu aelezwe siku ya kwanza. Malalamishi dhidi ya polisi hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Yanayohusu hongo hupelekwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Yanayohusu wafanyakazi wa mahakama hupelekwa kwa Ofisi ya Ombudsman wa Mahakama.

Ya kukata na kuweka nyumbani

- Mtu mmoja afuatilie, na kila kitu kiandikwe.
- Chukueni nambari ya OB na saa ya kukamatwa.
- Bondi ya polisi ni bure. Dhamana ina risiti. Isiyo na risiti ni hongo.
- Mshtakiwa ajibu shtaka analolielewa, kwa uamuzi wake.
- Asikose siku ya korti hata moja.
- Rufaa ni ndani ya siku 14.

Maswali ya kujadili katika baraza, chama au kikundi

1. Mtu akikamatwa Jumatano saa nne asubuhi, polisi wana mpaka lini kumfikisha mahakamani? Na akikamatwa Jumamosi usiku?
2. Kwa nini "Ni kweli nilinunua simu" si sawa na kukubali shtaka la kupokea mali ya wizi?
3. Mkiombwa kuweka hati ya shamba la familia kama dhamana, ni nani wote wanaofaa kuulizwa kwanza?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni kesi zipi zinazomalizwa na wazee ambazo sheria hairuhusu?

Somo hili ni la kuelimisha umma kwa jumla. Kila kesi ina mambo yake, na palipo na kesi halisi, mtafuteni wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nanyi.